Vifaranga wa Zambarau

Vifaranga wangu ni wa zambarau, na wageni wanaopita Kinoo husimama kwenye ua kuwacheka. Wacheke. Mwewe akishuka kutoka kwenye mikaratusi huwatazama, akashindwa kuelewa ni mdudu gani huyu, akaenda zake kula kwa jirani. Kila wanapoanguliwa huwapaka ile dawa ya vidonda mmoja mmoja, na viganja vyangu hubaki na rangi hiyo hadi Jumapili. Mchungaji ameshazoea kunipa mkono hivyo hivyo.

Ndio hao mke wa mwanangu alikuja kuwaomba. Nasimiyu ni mwalimu wa sayansi pale Kangemi, binti wa Kibukusu aliyeolewa na Dedan wangu, na sina neno naye, ila moja. Alitaka kulileta darasa lake lote kwangu, lijifunze kwa kuku jinsi viumbe wanavyorithiana na kubadilika.

"Mambo ya nyani hayo," nikamwambia.

"Ni kuku tu, Mama. Nyani hatafika Kinoo."

Neno langu naye lilikuwa hili. Kwetu, binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Kwa hivyo mjukuu wangu ni Wangui kama mimi, namwita wajina, na tangu azaliwe nimemtambulisha kwa watu nikisema, huyu ni mimi. Lakini mtoto ametoka mama yake mtupu: urefu, paji la uso, hata kule kutembea kama anayewahi mvua. Siku moja tukiwa mezani akauliza kama jina hurithiwa kwa damu. Nasimiyu akamjibu, kwa upole wake, "Hapana, mwanangu. Jina mtu hupewa tu."

Alisema kweli, na iliniuma. Kama jina halibebi chochote, basi nina nini mimi ndani ya mtoto yule? Sikumuuliza mtu. Nilijua wakija na sayansi yao watanithibitishia kwamba sina kitu, na bado nikakubali waje, kwa sababu wajina alikuwa katika darasa hilo na singeweza kumwaibisha mbele ya wenzake.

Wakaja na sare zao na kelele zao. Msichana mmoja mdogo, Ndunge, akachuchumaa mbele ya vifaranga, akaniita cucu, yaani nyanya kwa lugha yetu, kama wajina aniitavyo.

"Cucu, ukiwapaka hivi kizazi baada ya kizazi, si mwishowe watatoka kwa yai wakiwa zambarau?"

Nikacheka hadi kilemba kikasogea. "Nimepaka tangu baba ya huyu wajina wangu akiwa mwanafunzi. Ingekuwa hivyo, ningeacha kununua dawa zamani."

"Mmesikia," Nasimiyu akawaambia. "Rangi ya kupakwa haiingii kwa yai." Kisha akanigeukia. "Mama, kabla ya kuanza kupaka, kuku wako walikuwa wa rangi gani?"

Nikafikiri. "Wa madoadoa, karibu wote. Rangi ya majani makavu. Weupe walikuwa wakianguliwa, lakini mwewe aliwaona kwanza."

"Na sasa?"

Nikatazama uani. Weupe walikuwa wamejaa. Mimi ninayewafungulia banda kila asubuhi sikuwahi kuliona hilo.

"Sasa niambieni," akawauliza, "wale wa madoadoa walichaguliwa na nani?"

Wajina akasema taratibu, "Mwewe."

"Na weupe walitoka wapi, ikiwa mama zao wana madoadoa?"

Hapo hata mimi nilitega sikio. Akaeleza kwamba kuku aweza kubeba asichokionyesha, akakipitisha kwa vifaranga wake bila mtu kujua. Maneno hayo yalinipendeza, lakini nikajiambia kuku si mimi. Nikamshika wajina mkono tuingie bandani kuokota mayai.

Ndani mna giza. Tulipotoka, jua la mchana likatupiga usoni, na mimi nikapiga chafya, kama kawaida yangu. Vumbi la kuku. Wajina naye akapiga. Nikapiga tena. Akapiga tena. Darasa likaangua kicheko.

"Jioni nitakuchemshia tangawizi," nikamwambia. Tangu akiwa mchanga nimemtibu chafya hizo, na kumlaumu mama yake kimoyomoyo kwamba hamfuniki.

Nasimiyu alikuwa amesimama tu, anatutazama.

"Mama, ukitoka kanisani huwa unapiga chafya?"

"Kila Jumapili. Ni vumbi la kuku tu."

"Kanisani kuna kuku?"

"Dedan naye, kila asubuhi akifungua mlango," akasema, kama anayejisemea. "Na mimi nikidhani ni baridi ya Kinoo. Si baridi, Mama. Wako watu ambao mwanga ukiwapiga ghafla, pua huitikia. Hiyo hurithiwa. Kwetu hakuna hata mmoja." Akamshika binti yake bega. "Hii hakuitoa kwangu."

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wajina akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, na ilikuwa kweli, ijapokuwa machozi yalinitoka na sikuyaficha. Mayai tuliyookota yalikuwa mapajani mwangu, bado yana joto.

Jumapili ile, ibada ilipokwisha, mlango ulifunguliwa na jua likatanda hadi kwenye ngazi. Sisi wawili tukasimama kivulini, mkono wake katika kiganja changu cha zambarau, tukawaacha watu watangulie.

"Uko tayari, wajina?"

"Niko tayari, cucu."

Nyuma yetu nikasikia Nasimiyu akifungua mkoba. Alikuwa amebeba vitambaa viwili vya mkono, vimepigwa pasi.