Mfalme wa Nyongeza

Haya yote ni kweli tupu. Hakuna hata punje iliyotiwa chumvi, na anayetaka kubisha na aende Kosele siku ya soko aulize muuza vitabu anakaa wapi. Ataonyeshwa hata na mbuzi.

Muuza vitabu huyo anaitwa Zablon. Hakupanga kuuza vitabu. Alikwenda Migori kununua beli la makoti ya baridi, na alipolikata nyaya pale Kosele vikamwagika vitabu. Hakulalamika, kwa sababu mfanyabiashara halalamiki mbele ya wateja. Alitandika turubai kati ya mama anayeuza sidiria za mitumba na fundi wa viatu, akavipanga. Vya sheria aliviweka kulia, vya kupunguza unene katikati, vya mashairi akaviwekea mawe juu visipeperuke. Kushoto kabisa, mahali jua linapochoma, akaviweka vile vinene vyeusi vya majoka na falme za giza, ambavyo hakuna mtu aliyeviulizia.

Damaris alifika hapo akiwa na kikapu kitupu. Alikuwa mjane, na nyumbani kwa marehemu mumewe walimwita Nyar Asumbi, binti wa Asumbi, kwa kuwa ndiko alikozaliwa.

"Jaduong', mzee wangu, uko na kitabu ya sheria ya shamba?"

"Shamba ya kulima ama ya kunyang'anyana?"

"Ya kunyang'anywa."

"Hiyo ni ile nene," akasema Zablon, akamnyanyulia kwa mikono miwili.

Damaris alilipa, kisha akasimama palepale. "Na nyongeza?"

Hakuna mtu anayenunua kitu Kosele akaondoka bila nyongeza, awe amenunua nyanya au jeneza. Zablon alitazama upande wa kushoto, akachagua kile cheusi kuliko vyote. "Chukua hii. Ni ya tatu. Ya kwanza na ya pili hazikufika."

"Inasema nini?"

"Iko na mfalme mbaya."

"Mbaya kiasi gani?"

"Bado sijamaliza."

Shida ya Damaris ilikuwa shemeji yake, Maurice. Elijah, mumewe, alipozikwa, kuku walichinjwa, na firigisi ya jogoo mkubwa ikawekwa kwenye sahani ya Maurice. Kila mtu anajua kwamba firigisi huliwa na mwanamume mwenye boma, wala mwanamke haigusi. Maurice aliila polepole, watu wakimwona, na tangu siku hiyo akawa anatembea humo kama mtu anayepima kitambaa. Kwanza alilima shamba la chini, lile la kando ya kijito, lenye udongo mweusi. Halafu akamwambia Damaris kwamba Asumbi si mbali, na huko wanamkumbuka bado. Chifu alikuwa ameitisha kikao Alhamisi.

Damaris aliviweka vitabu hivyo viwili juu ya kabati la vyombo. Asubuhi yake alipotoka kumwaga jivu, aliwakuta wageni wawili wameketi uani. Vitabu vilivyofungwa ndani ya beli kwa muda mrefu hutaka kunyoosha miguu.

Mmoja alikuwa Profesa, mzee mwembamba mwenye joho jeusi lililochanika kwapa. Alizungumza vizuri sana, ila kila alipomaliza sentensi aliinama akainong'onezea sakafu maelezo madogomadogo, kisha akainuka akaendelea. Wa pili alikuwa Mfalme. Alikuwa na kofia ya chuma yenye pembe, na upanga mrefu kama mwiko wa kusongea ugali wa matanga, na popote alipoketi palikuwa na giza upana wa mkeka. Kuku walipomwona waliingia bandani kulala.

"Mmeamkaje?" akasema Damaris.

"Salama, mama," wakajibu.

Filister, jirani yake, alichungulia juu ya ua wa mkonge. "Nyar Asumbi, ambia huyo mgeni wako asogee kidogo. Mihogo yangu haikauki."

Mfalme aliomba radhi, akahamia upande wa choo. Hapo hapakuwa na kitu cha kukausha.

Damaris alimweleza Profesa habari ya shamba. Profesa alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akasema jambo hilo ni jepesi. Shamba ni la mjane na watoto wake. Halafu akainama, akaiambia sakafu, "Ingawa wapo wenye maoni tofauti."

"Unasemaje huko chini?" akauliza Damaris.

"Hayo hayahusu," akasema Profesa.

Mfalme naye alimwita kando akamwambia kwa sauti ya upole kwamba amemeza falme saba, na kwamba shemeji mmoja kwake si kazi. Damaris akamshukuru. Akamwambia akae kwanza ale. Mgeni hapewi kazi kabla ya kula.

Akachinja jogoo. Harufu ya mchuzi ilipofika ng'ambo ya ua, Maurice akaja, kwa maana hakuwahi kuchelewa chakula cha mtu. Aliwasalimia wageni mmoja mmoja, akamuuliza Mfalme kama kofia ile haimpi joto, akavuta kigoda. Filister alikuja kusaidia kugawa. Alipofika kwenye firigisi mkono ukasimama.

"Inaenda kwa nani?"

"Utaweka wapi kama si hapa?" Maurice akasogeza sahani yake mbele.

Profesa alisafisha koo. Alisema kwamba suala la firigisi halijawahi kufika katika mahakama yoyote ya juu, jambo ambalo ni la kusikitisha. Lakini kwa kanuni, mali humfuata mwenye mali. Sakafu akaiambia kitu kirefu kidogo. Mfalme alipoangaliwa alirudisha mikono yake nyuma. "Msinitazame mimi. Nimekula mioyo ya wafalme wenzangu ikiwa bado inapiga. Firigisi ya nyumba ya watu sijawahi kugusa."

Basi Damaris akanyoosha mkono, akaichukua ile firigisi kutoka kwenye mwiko wa Filister, akaitia mdomoni. Aliitafuna bila haraka. Firigisi ni ngumu, na wote walingoja.

"Umekula nini?" Maurice akauliza.

"Kuku yangu."

"Nyar Asumbi! Umekula firigisi!"

"Ilikuwa na chumvi kidogo tu," akasema Damaris. "Yuora, shemeji yangu, chukua shingo."

Filister aliweka sufuria chini akaenda kwake kulala, akisema kichwa kinamwuma. Maurice hakuchukua shingo. Aliondoka bila kunawa mikono. Mfalme wa giza, ambaye ndani ya kitabu chake hakuwahi kusimama kwa heshima ya mtu, alisimama mpaka Damaris alipomaliza kumeza.

Habari ilifika Kosele kabla ya vyombo kuoshwa. Hakuna aliyezungumza juu ya Profesa, kwani wasomi walikwisha kuonekana. Juu ya Mfalme watu waliuliza tu kama ataweza kukaa karibu na mashine ya barafu ya yule anayeuza soda, kwa sababu ya kivuli. Lakini firigisi! Wanaume waliisimulia wakiwa wamevua kofia. Mama wa sidiria alimwambia Zablon kwamba huyo mwanamke ni wa kuombewa, kisha akanong'ona, "Lakini alisema ni tamu?"

Alhamisi ukumbi wa mabati ulijaa hadi nje. Profesa alizungumza tangu asubuhi mpaka jua likasimama. Alianza na ardhi ilivyokuwa kabla ya watu, akapita kwenye katiba, akafika kwenye urithi, akasema mjane ana haki, na mtoto wa kike ana haki, na aliyelima shamba la marehemu bila idhini alime roho yake kwanza. Watu walipiga makofi. Maurice mwenyewe alipiga. Hakuna aliyebisha hata neno moja.

Chifu alifuta jasho. "Tumesikia sheria," akasema, "na ni tamu kweli. Sasa tuje kwa mambo ya firigisi."

Mfalme aliomba kusema. Alisema katika nchi yake, ambayo inajulikana kwa ubaya, ndugu akichukua shamba la mjane hutundikwa mlangoni kwa miguu, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa amewatundika wengi, akiamini hayo ni mambo ya kawaida kila mahali. Wazee walimsikiliza kwa adabu. Kisha mmoja akamwambia, "Asante, Ruoth, mfalme wetu. Lakini hapa hatukuja kwa hadithi."

Wakaenda nyuma ya ukumbi kushauriana. Waliporudi, Maurice alianguka magotini mbele ya Damaris, machozi yakimtoka kama maji ya mfereji. Alirudisha shamba la chini. Akaongeza na ng'ombe mwenye ndama, akamlimia msimu mzima bila kudai hata chai, na boma lile likakaa kwa amani mpaka leo.

Hapo ndipo msimulizi alipokomeshwa.

Alikuwa akiwasomea watu haya mbele ya turubai la Zablon, na hakuwa ameangalia nyuma. Nyuma yake Damaris alikuwa akichoma mahindi ya kununua, pale anapochoma kila siku ya soko tangu alipohamia chumba cha nyuma ya posho mill.

"Mzee, wacha hapo hapo," akasema. "Mfalme ni kweli. Si ndiye huyo anapepea jiko?"

Mfalme aliinua upepeo kidogo kusalimia. Makaa hung'aa vizuri sana ndani ya giza lake, na wateja wanayapenda mahindi yake.

"Profesa ni kweli, mpaka leo anaongea na chini. Firigisi ni kweli, na nitakula ingine. Lakini Maurice arudishe shamba? Apige magoti? Na ng'ombe juu?" Aligeuza hindi. "Mzee mzima na mvi zako, unaweza aje kudanganya watu hivyo?"

Watu wakacheka mpaka mama wa sidiria akashika mlingoti wa kibanda chake. Msimulizi alijaribu kusema kwamba hadithi huhitaji mwisho. Fundi wa viatu akamwambia mwisho upo, watu wote waliuona, hakuna haja ya kuazima mwingine. Profesa aliombwa atoe hukumu, akaitoa bila kuahirisha: kwa kusema uongo mmoja katikati ya ukweli mwingi, msimulizi atamlipa Damaris gorogoro mbili za mahindi, makopo mawili yaliyojaa. Akainama kuiambia sakafu, lakini safari hii sakafu haikuambiwa kitu, akainuka.

Msimulizi hana mahindi. Ni mstaafu, na mstaafu hulima maneno. Ilimbidi avuke barabara mpaka kwa mke wa Maurice, ambaye msimu huo ndiye pekee aliyekuwa na mahindi makavu ya kuuza. Akapimiwa, akarudi na mfuko begani.

Damaris aliufungua, akachota kiganja kimoja, akazitazama punje moja moja kwenye mwanga, nje kidogo ya kivuli cha Mfalme.

"Ni mazuri," akasema. "Ule udongo wa chini haujawahi kuniangusha."