Barua ya Kuachiliwa

Mugambi alikuwa amesimama mlangoni mwa choo cha wanaume na suti ya kuazima, akimngoja Cyprian amalize kukojoa. Saa nane na dakika arobaini mchana. Usajili ulikuwa unafungwa saa kumi na moja, na kocha wa timu ya mji wa Hamilton alishapiga simu mara tatu: lete barua, mkataba uko mezani. Mshahara wa kila wiki kwa kucheza mpira tu. Hakuna tena kubeba maboksi kwenye maghala ya Rexdale, hapa Toronto, na buti za chuma. Kilichobaki ni sahihi ya mtu mmoja, na huyo mtu alikuwa anakojoa pole pole kama mwenye choo.

Cyprian alikuwa mwenyekiti wa klabu. Kazi yake ilikuwa kuuza nyumba, na uso wake ulibandikwa kama tangazo kwenye mabenchi ya vituo vya basi, ukikaliwa na matako ya Scarborough nzima. Hilo halikumpunguzia kiburi hata kidogo.

"Mzee, ile barua," Mugambi akasema.

"Gani?"

"Ya kuniachilia. Nilikupa tangu mwezi wa tatu."

Cyprian akanawa kidole kimoja kimoja. "Wewe kijana una haraka kama mtu ameacha maziwa kwa moto. Leo ni siku ya Stallard. Watu wamejaa huko. Soma ile karatasi niliandika, isome vizuri, halafu tutaona mambo ya sahihi."

"Utasaini leo?"

"Si nimesema soma kwanza."

Enoch Stallard alikuwa Mwingereza, amekufa miaka themanini sasa. Klabu ilianzishwa na Waingereza wa viwandani, na yeye alimalizia mpira wake hapo. Waingereza wakahama, wakaja Wareno, nao wakahama. Kufikia 2012 klabu ilikuwa ya Wakenya, lakini Cyprian alimng'ang'ania Stallard na picha yake ukutani, kwa sababu Mzungu aliyekufa humpa mtu heshima mbele ya watu wa manispaa. Kila mwaka mfungaji bora ndiye husoma maisha yake mbele ya ukumbi. Mwaka huu ni Mugambi.

Kwamboka, katibu wa klabu, alimpa nakala za barua za Stallard ajiandae. Alizisoma wiki nzima kwa basi la Kipling, akienda kazini. Huko Uingereza, Stallard aliingia mgodini na miaka kumi na tatu. Mpira ukamtoa huko akiwa na kumi na tisa. Misimu saba akakimbia pembeni, watu elfu kumi wakiita jina lake. Mkataba ukaisha, klabu nyingine ikamtaka, yake ikakataa. Siku hizo klabu iliruhusiwa kubaki na jina lako kwenye kitabu chake, bila kukulipa hata senti, na hakuna timu ya ligi ingekugusa. Akawaandikia mara tatu. Barua ya tatu ilisema: "Bwana, kama hamnichezeshi, niacheni niende. Nina watoto, na mimi si farasi wenu." Hawakumjibu. Akarudi mgodini, halafu akapanda meli. Toronto alichinja nguruwe kiwandani, na Jumamosi alicheza na wafanyakazi wenzake, goti likiwa limekwisha kitambo.

Karatasi ya Cyprian ilisema: "Alizikataa klabu zote, kwa kuwa moyo wake ulikuwa na klabu moja."

Mugambi akamfuata Kwamboka kwenye korido.

"Dada, hii ni uongo."

"Najua. Si mimi ndio nilitaipu."

"Kwa hivyo nisome tu?"

Kwamboka alikuwa ametoka shifti ya hospitali, bado na viatu vya kazi. Akapigapiga mkoba wake. "Muhuri ninao hapa. Akisaini, nagonga, natuma saa hiyo hiyo. Sasa niambie, wewe unataka ukweli ama unataka Hamilton?"

Mugambi akaangalia saa ya simu yake.

"Stallard hatakasirika, mdogo wangu. Ameshazoea."

Hotuba zikala saa moja na nusu. Mchungaji, mtu wa manispaa, Cyprian mara mbili. Zamu yake ilipofika, Mugambi alisoma. Alisoma vizuri, hakuna mtu angemlaumu. Alipofika kwenye ule mstari wa moyo na klabu moja, akaweka mkono kifuani, jambo ambalo hata Cyprian hakuwa ameliandika. Akina mama wakapiga vigelegele.

Cyprian akachukua maikrofoni kabla Mugambi hajarudi kitini, akamshika bega.

"Mmesikia kwa mdomo wake mwenyewe. Sasa wacha niwape siri. Hamilton wamemtaka huyu kijana. Wamekuja na mkataba, na pesa. Na yeye, kama Stallard, amewaambia nini?" Akangoja. "Amewaambia hapana."

Ukumbi mzima ukasimama. Mtu wa manispaa naye akasimama, akipiga makofi bila kuelewa ni ya nini. Kwamboka peke yake alibaki ameketi, anaangalia viatu vyake.

"Mimi sijasema hivyo," Mugambi akasema, lakini kinanda kilikuwa kimeanza.

Cyprian akamwinamia sikioni, bado anawapungia watu mkono. "Sema basi. Waambie. Halafu uwaeleze kile umesoma sasa hivi kilikuwa nini." Pumzi yake ilinuka mandazi. "Fainali ni mwezi ujao. Tukimaliza tutaongea."

Saa kumi na dakika arobaini. Keki ikaletwa juu ya meza ya magurudumu, kubwa, kijani kama uwanja, na jina la Mugambi limeandikwa kwa sukari nyeupe. Kumbe iliagizwa mapema, na jina lake juu. Simu zikainuliwa kupiga picha. Cyprian akakata kipande kinono, akakishika kwa vidole, akageuka upande wenye mwanga mzuri.

"Fungua mdomo," akasema.

Mugambi akafungua.

"Zaidi kidogo. Hawa wa nyuma hawaoni."