Picha Ambayo Haikufunguka

Wenzake kazini walimwita Nukta, maana katika kukagua programu hakuna nukta iliyomponyoka. Jumatatu ile aliilisha programu yao ya kufungulia picha za simu faili moja mbovu, nayo ikazimika ghafla. Akachimba mpaka akaona. Faili ilidai imebeba picha ndogo. Programu ikaamini kauli ya mgeni, ikatenga nafasi ndogo kwenye kumbukumbu ya simu, kisha ikamimina humo picha kubwa. Kilichofurika kikafuta maagizo ya programu yenyewe. Mwenye hila angeweza kupenyeza amri zake papo hapo na kuitawala simu, mwenye simu hata hajagusa kitu.

Mkuu wake alimsikiliza, akafunga mlango.

“Marekebisho yatatoka baada ya wiki tatu. Mpaka hapo, kimya. Tukisema leo tumewapa wezi ramani. Na karatasi ya siri ulitia saini kwa mkono wako.”

“Na kama wameshaijua?”

“Kama, kama… Rudi kazini.”

Maneno yake yalikuwa na ukweli ndani, na huo ndio uliomkaba Nukta.

Alipanga chumba kimoja na dada yake, mwandishi wa habari, ambaye simu yake ilipokea picha za watu asiowajua kutwa kucha.

“Dada, izime hiyo simu siku mbili tatu.”

“Halafu tule hewa?” Dada akacheka. “Nina karani wa bohari ananipa habari za dawa bandia. Nizime sasa hivi?”

Jumatano Nukta alirudi kwa mkuu kuomba ruhusa ya kumwonya dada.

“Leo dada, kesho shangazi, keshokutwa mji mzima,” mkuu alijibu bila kuinua macho.

Ijumaa, aliporudi nyumbani kabla ya saa sita mchana, Nukta alimkuta dada kitandani, viatu miguuni.

“Karani amekamatwa. Polisi wamemsomea mazungumzo yetu neno kwa neno. Na simu haijatoka mkononi mwangu!”

“Ulitumiwa picha?”

“Jana. Aliyeituma alisema ni ya mtoto mgonjwa. Hata haikufunguka.”

Nukta akakaa sakafuni, akasema yote.

“Ulijua tangu lini?”

“Jumatatu.”

Dada akainuka kitandani. “Siku ya Jumanne karani alitaka tuonane ana kwa ana. Nikamwambia aandike tu, simu ni salama.”

Jioni hiyohiyo Nukta alimpelekea wakili wa karani maelezo yote ya kasoro ile. Kesho yake, siri ilipofichuka, marekebisho yakatoka, wiki tatu zikiwa zimegeuka siku moja, na yeye akafukuzwa kazi na kufunguliwa mashtaka ya kuvunja karatasi ya siri. Karani bado yuko ndani.

Dada hakuhama, hakuwa na pa kwenda. Alitundika shuka katikati ya chumba, na kwa siku tisa Nukta akaishi upande wake, akisikia kila pumzi ya upande wa pili. Siku ya kumi sauti ikapenya shuka:

“Kesi ya karani ni saa tatu. Wakili anataka uieleze hiyo picha. Vaa, twende.”