Yeye na Wenzake

Bi Taratibu alikuwa amefua mashuka ya hospitali miaka mingi, hata kucha zake zikaacha kuota sawasawa. Jina hilo alibandikwa palepale kazini, kwa sababu ukimharakisha jibu lake lilikuwa hilohilo: taratibu. Mashine ya kufulia iliharibika kabla ya mvua kuanza. Fundi alikuja, akaifungua, akaondoka na kipande chake, na tangu siku hiyo hakuonekana tena. Wanawake wa chumba cha kufulia wakarudi kwenye makaro ya saruji na kufua kwa mikono.

Shuka la hospitali likilowa ni zito, mtu mmoja haliwezi. Mmoja anashika huku, mwingine kule, kila mtu anasokota upande wake mpaka maji yaishe. Aliyeshika upande wa pili wa Bi Taratibu alikuwa Mama Pacha, mjane mwenye maneno machache. Hawakuwa wakiitana jina. Ilikuwa mwenzangu vuta, mwenzangu legeza, kutwa nzima. Hata wauguzi walipomtafuta mmoja walimuuliza mwingine, "Mwenzio yuko wapi?"

Glavu zilikuwa zimetoboka zote. Siku moja mdogo wao kuliko wote, binti aliyeajiriwa karibuni, alitumbukiza mkono kwenye rundo la wodi ya wazazi akachomwa na sindano iliyosahaulika ndani ya shuka. Hakulia. Alikishika kidole chake tu, akiwatazama kama anayeomba aambiwe la kufanya. Bi Taratibu alimkimbiza kwa daktari, akapimwa, akapewa vidonge, akaambiwa arudi kupimwa tena. Msimamizi wao alipoelezwa alisema ndugu zangu, hali ni ngumu kwa wote, vumilieni. Alisema hivyo huku anafungua mwavuli wake, akaenda kunywa chai.

Kesho yake wanawake wale walikaa. Hawakupiga kelele wala kubeba bango. Walikaa juu ya ndoo walizozifudikiza, na mashuka yakarundikana mpaka mlangoni. Bi Taratibu alikuwa amemnong'oneza Mama Pacha tu, walipokuwa wakikamua shuka la mwisho jioni ya jana yake, kwamba bila glavu hata leso haiingii majini. Mama Pacha akawapitishia wengine, na wote wakakubali.

Kabla ya adhuhuri Bi Taratibu aliitwa ofisini kwa katibu wa hospitali. Katibu alimkaribisha kiti. Alianza na mama yangu, akamuuliza hali ya nyumbani, akasema hospitali hii ni familia moja. Bi Taratibu akajibu kwamba familia imechomwa sindano. Basi mama yangu ikawa mama tu, na baada ya muda mfupi hata mama ikaondoka.

"Wewe na wenzako mmegoma," alisema katibu. "Na usinikatalie. Mtumishi mwema amenieleza. Bila glavu hata leso haiingii majini. Si maneno yako hayo?"

Bi Taratibu alihisi mgongo wote unauma kwa mara moja. Neno lile, mwema, alilijua. Redioni kila siku polisi hupewa taarifa na raia mwema, naye hakuwahi kusikia raia mwema akitajwa jina. Lakini huyu wa leo hakuhitaji kutajiwa. Kwa wengine habari ilifika kwa ufupi, kwamba kesho hatufui. Leso aliisikia mtu mmoja tu.

"Ni yangu," alisema.

"Wenzako ni akina nani? Nani alianza, nani alifuata?"

"Wenzangu ni walewale unaowaita ndugu wafanyakazi kila ukitukutanisha. Waite hivyo, watakuja wote."

Katibu hakuwaita. Alimwambia kwamba kuanzia siku hiyo kazi yake ni kupiga deki ukumbi wa chumba cha maiti, peke yake, na kwamba ashukuru. Bi Taratibu alichukua ndoo na dekio akaenda. Hakuwa na nguvu za kubishana. Hasira yenyewe inataka mtu aliyelala vizuri.

Glavu zilikuja juma lilelile. Hazikuletwa na huruma; chumba cha upasuaji kilikosa mashuka, matroni akapanda ofisini kwa katibu, na inasemekana sauti yake ilisikika hadi langoni. Wanawake wakarudi kufua. Nafasi ya Bi Taratibu alipewa mwanamke kutoka jikoni, ambaye hakujua kusokota, akawa analirarua shuka au analiangusha.

Mama Pacha alikuja ukumbini mchana mmoja, akasimama pale sakafu ilipokuwa imekwisha kukauka. Akasema yote kwa mkupuo. Katibu alimwita asubuhi ile ya mgomo, akafunga mlango, akammiminia maji mwenyewe. Akamwambia, ndugu yangu, tusaidiane.

"Tangu mume wangu afe, hakuna mtu aliyeniita ndugu," alisema. "Wakwe zangu wenyewe hawaniiti. Nikadhani tunaongea. Nikamweleza shida zetu, na yale maneno yako nayo yakatoka. Sikujua kama ananichota."

Bi Taratibu alikuwa amejiandalia maneno makali ya siku hii. Aliyatafuta, akakuta yamekwisha. Alikamua dekio.

"Nimekusikia, dada," alisema.

Mama Pacha akaanza kulia. Angetukanwa angevumilia, lakini lile neno la heshima, analopewa hata mtu usiyemjua anayekuuliza njia, lilimkata maini. Aliondoka akijifuta kwa mkono wenye glavu.

Mwisho wa mwezi katibu aliwakusanya watumishi wote uani. Akawapongeza kwa moyo wao, akawaita ndugu na wanafamilia, na watu wakapiga makofi ya uchovu. Alipouliza kama kuna swali, Mama Pacha alinyanyua mkono, naye hakuwahi kusema mbele za watu maisha yake yote. Sauti ilitetemeka, ila ilitoka. Alisema mwanafamilia mmoja ametengwa kwa maneno aliyoyapeleka yeye, na kwamba kama ni kosa la maneno, na yeye atengwe. Matroni akageuka kumtazama katibu, na katibu akasema suala hilo litaangaliwa.

Liliangaliwa kwa mwendo wa hospitali. Mvua ziliisha. Yule binti alipimwa tena akakutwa salama. Ndipo Bi Taratibu akarudishwa kufulia, bila barua wala samahani. Msimamizi alimwambia tu ahamishe ndoo yake.

Jioni ya siku hiyo vifundo vya mikono vilikuwa vimemvimba. Mama Pacha aliuchukua mkoba wake bila kuuliza, naye akamwachia. Walitembea polepole hadi njia panda. Pale Mama Pacha alimuuliza kama amemsamehe.

Bi Taratibu alifikiri. Hakutaka kumdanganya.

"Bado," alisema. "Kesho uje mapema, mashuka ya wodi ya wazazi ni mengi."

Akapokea mkoba wake, akashika njia ya kwake.