Viganja vya Watoto wa Mtambile

Moyo ulianza kumchafuka Mwalimu Shamima siku ya pili ya kambi, na wala si kwa sababu ya dini. Hilo niliseme mapema, maana watu wa Mtambile wakisimulia habari hii huanza na dini, wakamaliza na dini, na yale yenyewe wakayaruka. Shamima alisomea ualimu Morogoro. Alilala chumba kimoja na Wakristo, akala pilau lao la Krismasi, nao wakala biriani lake la Idi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumchezea shere. Kilichomchafua moyo kilikuwa nguo.

Siku ya kwanza akina mama waliwavisha watoto nguo za sikukuu. Si mgeni anakuja? Mgeni akija, mtoto huogeshwa, hupakwa mafuta, hutiwa wanja, huvishwa kile kilichokunjwa sandukuni tangu Idi. Basi kiwanja cha skuli kilijaa kofia, vizibao na magauni ya kumetameta, utadhani kuna harusi. Wageni wenyewe walikuwa vijana wa kujitolea kutoka ng'ambo, wenye fulana za manjano, na mkubwa wao alikuwa bwana mrefu aliyeiva kwa jua, jina lake Kocha Bredi. Walikuja kufundisha mpira wa miguu na netiboli wiki nzima ya likizo, bure. Walisema wazi kuwa wao ni Wakristo na kambi yao ni ya Kikristo, lakini hapa Pemba ni michezo tu. Angalau hivyo ndivyo alivyotafsiri Msellem.

Huyu Msellem ni mtu wa Mtambile hapa hapa. Aliwahi kutembeza watalii Unguja, akarudi na miwani ya jua na ulimi laini kama samli. Ndiye aliyewaleta wageni, ndiye aliyewatafutia nyumba, na kila lilipotoka neno la Kiingereza lilipita kinywani mwake kwanza.

Asubuhi ya siku ya pili Msellem alipita nyumba kwa nyumba. "Watoto waje na nguo za kuchumia karafuu," alisema. "Hizo nzuri zitachafuka bure, mama zangu."

Akina mama wakaona kweli. Shamima naye akaona kweli, mpaka alipomwona msichana mwenye kamera akiwapanga watoto kwa picha. Mwenye gauni lililochanika begani, mbele. Mwenye viatu, nyuma. Mwenye kamasi, mbele kabisa. Mtoto akataka kujifuta kamasi kwa mkono, akashikwa mkono. Alishikwa mkono, jamani, asijifute! Walipomaliza, Kocha Bredi akachota pipi mfukoni akazirusha juu, zikaanguka mchangani, watoto wakazirukia wakigongana vichwa, na kamera ikawafuata huko huko chini. Bi Mwanapili wa hapa mtaani huwarushia kuku wake mtama vivyo hivyo, lakini yeye hawapigi picha.

"Unaona raha?" Shamima alimuuliza Msellem.

"Ah, tichaa, ndo mambo ya wazungu hayo. Kwani pipi si wanakula?"

Shamima akameza mate. Alikuwa na sababu ya kumeza, nayo ilikuwa wasichana wake.

Mtambile wasichana walikuwa hawachezi uwanjani. Wakicheza, basi ni nyuma ya darasa, na hapo ni mpaka wavunje ungo. Shamima, mwalimu wa michezo, alihangaika kwa wazee mpaka miguu ikaota sugu. Aliyelainika mwishowe alikuwa Bi Mwanapili, nyanya yake Laila, mmoja wa hao wasichana. Bibi huyu akisema jambo, mtaa mzima wa wanawake umesema. Na Laila alikuwa na mkono wa ajabu. Akilisimamia goli la netiboli, mpira hauulizi njia.

"Nakupa wewe, siwapi wao," Bi Mwanapili alimwambia Shamima barazani kwake, kabla kambi haijaanza. "Mie siwajui hao. Nakujua wewe."

Mjukuu wake akenda, wakenda na wengine, wamevaa suruali ndefu na mitandio yao imebanwa vizuri. Juu ya hayo Kocha Bredi aliahidi kiwanja cha saruji cha netiboli, chenye mistari na nguzo za chuma. Shamima alikiona kile kiwanja hata akifumba macho. Kwa hiyo ya kamasi akayameza, na ya pipi akayameza.

Jumatano, jua lilipopungua makali, Kocha Bredi aliwaketisha watoto duara. Alisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kubembeleza, na Msellem akatafsiri kuwa mgeni anawaombea dua ya kheri, wawe na afya na wafaulu masomo. Kisha yule bwana akafumba macho akaanza kuomba. Shamima alikuwa mbali, akikusanya mipira, hakuyapata maneno. Aliwaona watoto tu. Walifanya kile walichofunzwa chuoni, kwenye Kurani, tangu hawajaota meno ya mbele: mtu mzima akiomba dua, unakunjua viganja vyako mbele ya kifua, unatulia, unaitikia amin. Akimaliza, unajipangusa uso. Huulizi anaomba lugha gani. Kukaa mikono imekunjwa na mgeni anakuombea kheri, huo ni utovu wa adabu, na mtoto hupigwa kofi kwa hilo.

"Amiiin," waliitikia kwa pamoja, na Shamima akafurahi kwa adabu ya watoto wake. Alifurahi kwelikweli, maskini.

Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, Msellem alimsogezea simu. "Tazama tulivyotoka. Huko kwao watu wanalia machozi wakiona hii."

Ilikuwa filamu fupi yenye muziki wa kinanda. Watoto wa Mtambile na nguo zao za karafuu, viganja vimekunjuliwa, macho chini. Laila alikuwa katikati, kajaa kioo kizima. Filamu ilikatwa baada ya amin tu, kabla watoto hawajajipangusa nyuso zao. Chini yake palikuwa na maandishi, na Shamima Kiingereza anakijua, ndicho alichosomea. Yalisema kwamba watoto hawa wote leo wameinua mikono yao kumpokea Yesu, wameiacha dini ya wazazi wao, na tuwaombee kwa hatari inayowakabili nyumbani.

Shamima aliisukuma sahani ya wali pembeni.

"Msellem, umeisoma hii?"

"Nimesoma."

"Na unacheka?"

"Sasa nilie? Wee Shamima, hebu tumia akili. Maneno ya kizungu, yako kwao huko. Nani Mtambile atayasoma? Watoto ni Waislamu jana, ni Waislamu leo, wamekwenda chuoni jioni wamesoma sura zao. Wamepungukiwa nini?" Akajikuna kidevu. "Lakini wewe ukifungua mdomo, mimi najua la kutokea, na wewe unajua. Kiwanja hakuna. Na wasichana wako wa kwanza kufungiwa ndani. Bi Mwanapili hatompa Laila mpira mpaka anaolewa."

Hapo alimpata pabaya. Shamima alimtazama yule mtu, kijana waliyesoma naye, anayejua vizuri dua hukunjuliwa vipi mikono, na akaona kinyaa kama cha mtu aliyekanyaga kitu chenye utelezi gizani. Kocha Bredi pengine hajui. Huyu anajua.

Basi akamwendea Kocha Bredi mwenyewe, akamwambia kwa Kiingereza safi. Hiyo mikono si ya kupokea kitu, alisema. Hiyo ni adabu. Ungewaombea wapate baiskeli wangeitikia amin vilevile. Ifuteni.

Kocha Bredi alimsikiliza, kichwa kimeinama upande. Macho yakamjaa maji. Akamwekea mkono begani. Mwanamme wa watu, mchana kweupe, anamwekea mkono begani.

"Nakuelewa, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Ninajua hapa huwezi kusema waziwazi. Najua unavyoogopa. Mungu anauona moyo wako. Tutakuombea na wewe."

Shamima aliutoa ule mkono begani kama anayetoa jongoo. Utamwambia nini mtu wa namna hii? Ukisema ndiyo, ni ndiyo. Ukisema siyo, ni ndiyo iliyojificha. Alikwenda kuoga akajisugua lile bega kwa dodoki mpaka likawasha, na bado alihisi harufu ya yale mafuta ya wageni ya kujikingia jua.

Sasa angalifanya nini? Njia ya kwenda kwa Bi Mwanapili ilikuwa fupi, na Alhamisi jioni aliianza. Akafika nusu, akawaona Laila na wenzake wamechora goli ukutani kwa mkaa, wanarusha, wanacheka, mmoja anajitia refa. Akarudi. Ijumaa hakutoka kabisa, akasingizia kichwa. Alijiambia kambi inakwisha kesho, wageni watakwenda zao, kiwanja kitabaki, na uongo utabaki huko huko ng'ambo.

Jumamosi wazazi walialikwa kufunga kambi. Walikuja wanawake kwa wingi, na hawakuja mikono mitupu: mikate ya kumimina, sambusa, maandazi, birika za chai ya mdalasini. Mikeka ikatandikwa. Bi Mwanapili alikaa mbele, kanga yake mpya, Laila mapajani pake japo mtoto kishakuwa mkubwa wa kukaa mapajani.

Kocha Bredi alisimama. Alishukuru kwa chakula, kisha akasema anamshukuru Bwana kwa watoto hawa walioipokea nuru wiki hii, na leo anawaomba na mama zao, walio tayari, wafungue mikono yao waipokee.

"Anasema," alitafsiri Msellem bila hata kumeza mate, "watoto wenu wana adabu, mmewalea vizuri. Anataka awaombee dua na nyinyi wazazi."

"Mashaallah," walisema wanawake. "Na aombe."

Na wakakunjua viganja. Wote. Bi Mwanapili naye, viganja vyake vya kuchumia karafuu miaka yote, vyeusi kwa utomvu kwenye mikunjo, akavinyanyua mbele ya kifua. Msichana wa kamera akapiga magoti mbele yake, akamsogelea karibu kabisa.

Shamima alijikuta kasimama.

"Teremsheni mikono!" alipiga kelele. "Bibi, teremsha mkono! Hilo silo alilosema!"

Akawaambia yote, neno kwa neno, ya leo na ya Jumatano, ya filamu na ya maandishi. Msellem akawa anamkatiza kwa kicheko kikavu, "Hajaelewa huyu, Kiingereza chake cha vitabuni," mpaka mama mmoja akamwambia nyamaza wewe. Kocha Bredi aliuliza kuna nini. Yule msichana hakushusha kamera, na Shamima akajua kwamba hata hizi hasira zitapelekwa huko, zitatiwa muziki, zitaandikiwa maneno.

Bi Mwanapili alivikunja viganja vyake taratibu, akavificha ndani ya kanga. Wanawake walikuwa wameanza kuvuta sinia zao. "Acheni," aliwaambia. "Chakula kimeshaletwa kwa mgeni, mgeni atakula. Sisi si wao." Kisha akamgeukia Shamima.

"Hiyo filamu uliiona lini?"

"Alhamisi, bibi."

"Leo?"

"Jumamosi."

Bi Mwanapili alitikisa kichwa, kidogo tu. Shamima akaanza kueleza, wasichana, kiwanja, aliogopa watafungiwa, aliogopa Laila...

"Laila atacheza," bibi alimkata. "Wote watacheza. Uani kwangu ni pakubwa, kuta zipo. Nani alokwambia mie nitamfungia mtoto kwa uongo wa mtu mwengine? Watafundishwa na Mwanakhamis."

Mwanakhamis ni binti wa nduguye, anafundisha watoto wadogo Kurani.

"Mwanakhamis hajui netiboli, bibi."

"Atajifunza. Lakini Mwanakhamis akiona mtu anamchezea mjukuu wangu, halali nalo, ataniambia siku hiyo hiyo." Akajiinua kwa kumshika Laila bega. "Wewe mwanangu usije."

Wageni waliondoka Jumapili kwa meli. Kiwanja cha saruji hakikujengwa, na hakuna aliyekiulizia. Msellem alikaa Unguja mwezi mzima, akarudi, sasa anauza simu kituoni na watu wanamnunulia, ndivyo watu walivyo.

Shamima hupita nyuma ya ua wa Bi Mwanapili kila alasiri akitoka skuli. Siku moja alisikia firimbi, kelele, vishindo vya mtoto anakimbia na mpira mkononi kutoka huku mpaka huko. Netiboli hukimbii na mpira, ukiudaka unasimama. Mwanakhamis alikuwa anawapigia makofi. Shamima alisogea ukutani, akafungua mdomo kusema, "Laila, miguu!"

Akaufunga. Ndani wakashangilia goli.