Ndege Aliyejibu Kutoka Kwenye Matete

Mama Darubini alimwacha mdogo wake kitandani, taya limefungwa waya, akifyonza maziwa kwa mrija kama mtoto. Aliyelivunja taya lile ni mumewe, kwa mpini wa panga, kisa chai imepoa. Hospitali alisema mkewe kateleza bafuni, na akalia mpaka manesi wakamletea kiti.

Sasa alikuwa ametuma maneno kupitia kwa muuza mkaa: leo anakuja kumchukua mke wake, atembee mwenyewe au aburuzwe. Mtaa mzima ulijua, maana mtaa ule siri haikai hata ukiifungia kabatini.

"Weka komeo," Mama Darubini alimwambia. "Usimfungulie hata akija na malaika."

Mdogo mtu akaitikia kwa macho.

Nyumba yao ilikuwa hatua chache tu kutoka geti la hifadhi ya ndege, pale kinamasi kinapokutana na bahari, na Mama Darubini ndiye aliyekuwa akiwatembeza wageni. Siku hiyo alikuwa na daktari wa meno mstaafu na mkewe, waliokuwa wakigombana tangu kwenye gari. Walikaa kwenye kibanda cha kuvizia, macho dirishani, wakimsubiri kukuziwa mdogo, ndege mwenye aibu ambaye hutoka kwenye matete kwa sababu moja tu: kumpiga mwenzake aliyeingia eneo lake.

"Unamdanganya kwa sauti," Mama Darubini aliwanong'oneza, akionyesha spika ndogo mkononi. "Anadhani kavamiwa, anakuja kupigana."

"Kama wewe na mama yangu," mke akamwambia mumewe.

"Mama yako hahitaji spika."

Mama Darubini akabonyeza. *Kek, kek, krrr.* Kimya. Halafu kutoka ndani ya matete: *kek, kek, krrr.*

Mke wa daktari akamfinya mumewe paja. Mama Darubini akabonyeza tena, sauti ikajibu tena, safari hii karibu zaidi. Hapo alipaswa kushtuka. Ndege wa kweli akikasirika hubadilisha sauti, hupandisha, hukatiza; huyu alikuwa akijibu vilevile, pumzi kwa pumzi. Lakini bingwa naye akinogewa huziba masikio. Akawaambia wageni wabaki na darubini zao za mkononi, akajitwisha begani stendi ya chuma ya darubini kubwa, kwa mazoea tu, akazama kwenye matete.

Akabonyeza. Akajibiwa. Akanyata. Na upande wa pili naye mtu alikuwa akinyata, akiamini amepata wa kutia kwenye gunia.

Matete yakaachana. Wakasimama uso kwa uso, kila mmoja na spika yake.

*Krrr,* ilisema ya mwanamume.

"Shemeji!" akacheka. "Kumbe ndege mwenyewe ni wewe."

Nyuma yake wavu ulikuwa umetandwa kati ya fito mbili, umejaa ndege wanaotapatapa. Gunia begani mwake lilidondosha damu, na kiunoni alikuwa na panga lake. Akamchomoa mmoja wavuni, akamnyonga huku anaongea, bila hata kumtazama, kama mtu anayefunga bomba.

"Nikimaliza hawa napita kwako. Yule yuko tayari?"

"Hatoki."

"Atatoka kwa nywele. Na safari hii nitavunja na lile lililobaki. Pisha njia."

Nyuma ya Mama Darubini kulikuwa na njia, mwisho wa njia kulikuwa na geti, na nje ya geti kulikuwa na mlango wenye komeo la bati. Hakupisha.

Kofi lilimpasua mdomo. Kabla hajauinua uso, mwanamume alikuwa ameshika mkanda wa darubini ndogo shingoni mwa shemeji yake, anausokota. Dunia ikaanza kuwa nyeusi pembeni. Mama Darubini akaizungusha stendi kwa mikono miwili, chini, akampiga gotini. Kitu kikalia *ka*. Mwanamume akapiga ukelele, akaanguka chali juu ya wavu wake mwenyewe. Fito zikakatika, wavu ukamzonga mikono, na ndege waliokuwa hai wakawa wanamdonoa usoni kwa wazimu wa kutaka kutoka. Kadiri alivyojirusha ndivyo tope lilivyommeza. Na maji yalikuwa yanajaa.

Panga lilikuwa limedondoka. Mama Darubini akaliokota.

"Shemeji, maji! Shemeji, mimi na wewe ni ndugu!"

"Juzi tulikuwa nani?"

"Nikitoka hapa nitawachinja wote wawili!" akanguruma, kisha akakumbuka alipo, akaanza kulia kile kilio cha hospitali.

Mama Darubini akalitazama lile panga. Akaligeuza upande wa mpini. Akapiga mara moja, kwa nguvu zake zote, pale pale mdogo wake alipopigwa.

Kisha akapasua wavu kwa makali, ndege waliobaki wakapaa, na yeye akakaa kwenye kisiki akitema damu, akingoja. Maji yalipofika kidevuni kwa shemeji yake ndipo akapiga filimbi.

Askari wa hifadhi walimburuta hadi nchi kavu pamoja na gunia lake. Daktari wa meno akapiga magoti, akampapasa uso.

"Taya limevunjika. Litafungwa waya."

"Limevunjikaje?" askari mkubwa akauliza, akilitazama panga, halafu alama nyekundu shingoni mwa Mama Darubini.

Daktari akakohoa. Mkewe akamtangulia, darubini ingali kifuani mwake.

"Kateleza. Nimeona mwenyewe, tangu mwanzo mpaka mwisho."

"Mke wangu ana macho mazuri sana," daktari akasema.

Askari wakamtia pingu, wakamtupa nyuma ya gari juu ya gunia lake. Nyumbani, Mama Darubini alipomaliza kusimulia, mdogo wake alishika taya kwa mikono yote miwili kulizuia lisicheke. Kisha akainuka, akaenda mwenyewe kutoa komeo, maana majirani walikuwa wameshajaa barazani.