Jani la Bwana Sindano

Pale makumbusho kila mtu alimwita Bwana Sindano, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuukwangua mwamba kwa sindano ya chuma, punje kwa punje, mpaka kisukuku kilichomo, mabaki ya mmea au mnyama wa kale, kijitokeze. Alikuwa na mdomo usiotulia na mkono uliotulia kuliko wa mtu yeyote mle ndani. Wakurugenzi walikuja na kuondoka, wala hakuna aliyefikiria kuliandika jina lake popote.

Sasa lilikuwa linaandikwa. Jiwe lake, lile aliloliokota mwenyewe machimboni na kulisafisha mpaka likatoka jani jeusi lenye matawi membamba, lilikuwa linawekwa mlangoni, na kibao chenye jina lake kilikuwa tayari ukutani. Mzee alikuwa hakamatiki kwa furaha.

Binti yake, mwanajiolojia, alikuja kumsaidia kulipandisha kwenye stendi.

"Baba, shika kwako vizuri."

"Mimi nabeba mawe tangu sijamjua mama yako. Nishike vizuri mara ngapi?"

Kona ya jiwe ikagonga chuma cha stendi. Fremu ya plasta iliyozunguka jiwe ikapasuka vipande vipande, na jiwe lenyewe likaachana katikati, kwenye ufa wa zamani.

"Nimekwisha," mzee akasema.

"Hujaisha, gundi ipo." Binti akainua nusu moja aone namna ya kuiunga. Akaufuata ufa kwa kidole. Akaigeuza dirishani, akaigeuza tena.

"Sema basi, unanitisha."

"Baba, jani huwa linalala kwenye tabaka moja, kama nguo iliyokunjwa kabatini. Hili limeteremka na ufa, limekata tabaka zote." Akamwonyesha palipokatika. "Si jani. Maji yalipenya na madini meusi, yakachora matawi."

Bwana Sindano akaichukua ile nusu, akaitazama. Ni yeye aliyekuwa akiwacheka wageni waliokuja na mawe yenye michoro kama hiyo, akiwaambia wakapambie sebule. Ufa ulikuwa umefunikwa na plasta ubavuni, na plasta aliipaka yeye, kabla ya kukwangua, ili jiwe lisitikisike. Hata hivyo, hakuweza kubishana na alichokiona.

"Haya, ni madini," akasema. "Kibao kitang'olewa. Watu watacheka wiki mbili, watachoka."

Lakini binti hakuwa anacheka, wala hakuwa anamtazama. Alikuwa ameinamia ukingo wa jiwe, pale plasta ilipobanduka, kioo cha kukuzia kikiwa jichoni.

"Juu ya haya matawi palikuwa na nini?"

"Ukoko tu. Wa kahawia, mgumu kama nini. Ulinitesa msimu mzima wa mvua."

"Wote uliutoa?"

"Lini uliniona nikiacha kazi nusu?"

Binti akampa kioo. Mzee akainama. Chini ya ile plasta ukoko ulikuwa umebaki, utepe mwembamba wa kahawia. Ndani yake kulikuwa na miiba myembamba iliyojipanga sawasawa, ikafunguka kama upepeo. Mkia. Mkia wa samaki, mzima, hauna kasoro. Pingili mbili za uti wa mgongo ziliufuata kuelekea katikati ya jiwe. Ya tatu ilikuwa nusu, na pale ilipokatikia palianza mikwaruzo midogo, yote imeelekea upande mmoja. Ule mkono aliujua; ulikuwa wake.

"Mungu wangu," akasema. "Mungu wangu, mwanangu."

Akataka kukaa, kiti hakikuwepo, akakaa sakafuni kwenye vumbi la plasta.

"Alikuwa mkubwa?"

"Baba, achana na hilo."

"Nimekuuliza."

"Kwa mkia huu, alijaza jiwe zima."

"Tumewahi kuwa na samaki wa namna hii?"

Binti akatikisa kichwa. "Sijui kama kuna aliye naye popote."

Mzee akakusanya vipande vya plasta vilivyomzunguka sakafuni. Kisha akanyoosha mkono ainuliwe.

"Shika kwako," akasema. "Tulipandishe. Na kibao kisitolewe. Waongeze tu kwamba mwenye jina hili ndiye aliyemkwangua samaki akammaliza."